Mche Umekufa: Usiseme Jua Kabla Hujaung'oa

Pita mashambani kati ya Gede na Jilore miezi mitatu baada ya shughuli kubwa ya kupanda miti. Utakuta mashimo yamechimbwa vizuri, na ndani yake vijiti vikavu. Uliza kimetokea nini. Utajibiwa "jua, bwana," na mazungumzo yataishia hapo. Msimu unaofuata italetwa miche mingine, itapandwa vilevile na itakufa vilevile.

Jua la Malindi halina utani, nani asiyelijua. Lakini mara nyingi mche uliokauka Agosti ulianza kufa Februari ukiwa bado kitaluni, au hata kabla ya hapo, siku mbegu yake ilipookotwa. Jua lilikuja kumalizia tu. Kikundi kinachopanda miti ya asili hakina budi kuwa na desturi ya kuung'oa mche uliokufa na kuukagua kuanzia mzizi hadi ncha, ndipo sababu iandikwe kwenye daftari.

Miti ninayoizungumzia ni ile inayozidi kuadimika huku kwetu: mbambakofi, mvule, muhuhu, mpingo na mrihi. Muhuhu na mpingo zimeliwa na soko la vinyago kwa miaka mingi, na zote mbili zimo katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kama miti iliyo karibu kuingia hatarini. Biashara ya kimataifa ya mpingo imewekewa masharti ya mkataba wa CITES tangu 2017, na mbambakofi uliingizwa humo katika mkutano wa 2022. Mrihi hausemwi sana huko nje, ila makaa yanaumaliza upande wa msitu wa Dakatcha. Kama shida yako ni mvinje au mwarobaini, hapa hutapata kikubwa. Hiyo haisumbui.

Umekufa kweli?

Kabla ya kung'oa, kwaruza gome kwa ukucha karibu kabisa na ardhi. Ukiona kijani chenye unyevu, mche ni hai, uache.

Hili ni muhimu kuliko kote kwenye mrihi. Mche wa mrihi hukauka shina kiangazi ukabaki mzizi peke yake, kisha mvua ikija huchipua upya kutoka chini. Unaweza kufanya hivyo mwaka baada ya mwaka, huku juu hauongezeki hata kidogo, kwa sababu chakula chote unakipeleka chini kujenga mzizi. Anayekuja kukagua mwezi wa Machi ataona kijiti na kuandika "umekufa". Huyo anayeng'oa kijiti hicho ili aweke mche mpya ndiye anayeua mti. Chomeka kigingi, funga kitambaa, rudi mvua ya mwaka, yaani masika, ikishakolea.

Ukikwaruza ukakuta kahawia na ukavu hadi kwenye mzizi, sasa ung'oe tuutazame.

Mbegu hazioti

Kila mti una ugonjwa wake hapa, usiichanganye.

Mbegu ya mvule ni ndogo mno na haiwekeki. Hupoteza nguvu upesi ikikaa kwenye joto la kawaida la nyumba, kwa hiyo ile uliyoletewa na mtu ikiwa imekaa kwenye droo tangu msimu uliopita usihangaike nayo. Vilevile mvule una dume na jike, kila mmoja mti wake. Kama karibu nawe kumebaki mvule mmoja tu, hata uwe mkubwa kiasi gani, huenda usipate mbegu yoyote yenye uhai. Sia juu juu, funika kwa mchanga mwembamba, na mwagilia kwa upole ili maji yasiisombe.

Muhuhu nao una dume na jike, na mbegu zake nyingi ni maganda matupu au zimeshatobolewa na wadudu. Binya chache kwa ukucha kabla ya kusia. Zikiponyoka bapa bila kiini, ongeza mbegu mara nyingi zaidi ya ulivyopanga na usishangae kupata miche michache. Muhuhu ndio mti unaovunja watu moyo kitaluni, nasema mapema.

Mpingo hauna makuu. Maganda yake membamba ya kiangazi, yenye mbegu moja au mbili, yachambue, tupa mbegu zenye tundu la dumuzi, loweka usiku mmoja, sia. Mbegu mpya huota ndani ya mwezi.

Mbambakofi ndio wenye mbegu watoto wanazochezea, nyeusi na kofia nyekundu. Ile kofia itoe, kwa sababu inaoza na inaita panya. Kwa mbegu iliyokaa, kwaruza ganda gumu kidogo upande ulio mbali na kofia mpaka uone weupe, uiloweke usiku kucha. Kama ilivimba, itaota. Kama haikuvimba, ganda bado halijapitisha maji, kwaruza tena. Na ukiona mbegu haziko kabisa, zimebaki vishimo tu kwenye tuta, hizo hazikukataa kuota: panya amepita. Funika tuta kwa waya.

Mrihi: ganda lake hupasuka kwa kishindo na kurusha mbegu mbali, kwa hiyo anayengoja kuokota chini anaokota mabaki ya wadudu. Vuna maganda yakiwa yamegeuka kahawia lakini hayajapasuka, yaanike ndani ya gunia, na usie mbegu mapema.

Kuokota mbegu ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke kunahitaji ruhusa ya KFS, yaani Shirika la Huduma za Misitu la Kenya, na hapo chama cha msitu cha jamii, yaani CFA, kinakusaidia kuliko ukienda peke yako. Kituo cha KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, kipo pale pale Gede. Nenda ukaulize kabla hujanunua mbegu kwa mtu usiyemjua.

Mche mchanga umeanguka, shingo imekuwa nyembamba

Ukungu. Maji mengi, kivuli kizito, udongo uleule unaotumiwa kila msimu. Punguza maji, fungua kivuli, badilisha udongo wa kusia uweke mchanga safi wa mtoni. Aliyeanguka hainuki tena, mtoe asiwaambukize wenzake.

Mche unaishi lakini umekwama, majani yamepauka

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo vikundi vingi vinapotupa pesa kwenye mbolea.

Umefuata kila kitu. Mbambakofi umeota vizuri, majani ya mwanzo makubwa ya kijani. Ukifikisha miezi mitatu unasimama. Majani mapya yanatoka madogo, rangi imefifia. Mtu anashauri samadi, mwingine anashauri mbolea ya dukani. Unatia, hakuna kinachobadilika, au miche inaungua kabisa.

Mwanzo mzuri ule ulikuwa chakula kilichomo ndani ya mbegu yenyewe, maana mbegu ya mbambakofi ni kubwa. Akiba ilipokwisha, mche ukabaki na mizizi isiyojua kujitafutia. Mbambakofi na mrihi haziishi peke yake ardhini. Mizizi yake hushirikiana na kuvu wanaoizungushia ncha kama soksi, kuvu wakinyonya maji na fosfori kutoka mbali na kuipa mizizi, nao wakipewa sukari. Katika mchanga maskini wa huku, bila kuvu hao mche hauna mkono wa kuokotea chakula. Na udongo wa kitaluni, hasa ule wa shamba lililolimwa mahindi miaka mingi, huwa hauna kuvu wa aina hiyo.

Jinsi ya kuhakikisha: toa mche mmoja, tikisa udongo taratibu ndani ya beseni la maji, mizizi isikatike. Tazama ncha ndogo kabisa za mizizi kwenye mwanga. Ncha zenye kuvu huwa nene, fupi, zimegawanyika kama vidole vifupi, na zimevaa utando mweupe, wa njano au wa kahawia. Ncha zisizo nao ni nyembamba, laini, uchi. Lenzi ya bei ndogo inasaidia, lakini jicho zima la kijana linatosha. Ukishaona mara moja hutasahau.

Tiba ni udongo wa chini ya mti mama wa aina hiyo hiyo. Ondoa majani makavu ya juu, chukua tabaka la chini yake lenye vijizizi na nyuzi nyeupe, changanya sehemu moja kwa tisa au kumi ya udongo wako wa vifuko. Tumia siku hiyo hiyo, usiuanike juani. Miche iliyokwisha kuwa kwenye vifuko unaweza kuitobolea kishimo kando ya mzizi na kutia kiganja kimoja cha udongo huo. Usibebe magunia kwa magunia kutoka msituni. Kitalu cha kijiji kinahitaji ndoo, si lori, na ruhusa ni ileile niliyoitaja. Ukishakuwa na miche kadhaa yenye kuvu, ichanganye katikati ya isiyo nao, vifuko vikigusana, baadaye utatumia udongo wa vifuko vyako mwenyewe.

Na samadi? Tia kidogo sana. Udongo ulionona humfanya mche amsahau mwenzake huyo, kisha ukimhamishia kwenye mchanga mweupe anashtuka.

Mpingo ni habari nyingine. Wenyewe hujitengenezea vinundu kwenye mizizi, vyenye bakteria wanaokamata naitrojeni hewani. Ng'oa, pasua kinundu kwa kucha: ndani ikiwa ya waridi, kinafanya kazi. Ikiwa ya kijivu au hakuna vinundu kabisa, dawa ni ile ile ya udongo wa chini ya mpingo. Ila usimhukumu mpingo kwa mwendo wake. Huu ni mti unaohitaji miaka 70 hadi 100 kufikia gogo la kupasua mbao, kwa hiyo mche wa futi moja baada ya mwaka hauna ugonjwa wowote.

Ncha za mvule zimevimba vifundo

Ni kidudu kidogo kinachonyonya utomvu na kutaga kwenye machipukizi. Jani linajikunja kuwa kifundo, kidudu kinakua ndani, kifundo kinapasuka na kuoza, na ncha yote inakufa. Dawa za kupulizia hazimfikii akiwa ndani. Kata ncha zenye vifundo, zichome. Kubwa zaidi, usipande mivule kumi mahali pamoja. Msituni mvule hukaa mmoja hapa, mwingine kule, katikati ya miti mingine, na mdudu akitoka kwa huyu hampati yule kirahisi. Anayetaka shamba la mivule kwa safu kama mvinje anamwandalia mdudu karamu.

Ulikuwa mzuri kitaluni, umekufa wiki chache baada ya kupandwa

Ung'oe. Hapa mzizi ndio utakaosema.

Mzizi umejizungusha kama springi ya godoro, ukifuata umbo la kifuko. Mche ulikaa kitaluni kupita wakati, ukapandwa na umbo lile lile. Mbambakofi ndio unaoumia zaidi kwa sababu mzizi wake mkuu unakimbilia chini tangu siku ya kwanza, mbele kabisa ya shina. Tumia vifuko virefu, hamisha vifuko kila wiki mbili tatu, na kata mizizi inayochungulia chini. Ukiona mche wa mbambakofi umeng'ang'ania ardhi ya kitalu hata hautoki, ujue mzizi mkuu ulishazama huko, na siku ya kuubeba uliukata wote. Hapo mche umeshapoteza nusu ya mwili, halafu tunasema jua.

Mzizi ni mzuri, mweupe, lakini haujatoka hata kidogo nje ya donge la udongo wa kifuko. Ama kifuko hakikutolewa, na hili hutokea zaidi ya watu wanavyokiri, hasa siku za wageni wengi na hotuba ndefu. Ama donge lilipandwa kavu, mchanga wa pembeni ukalinyonya maji yaliyobaki. Lowesha vifuko usiku wa kuamkia siku ya kupanda, na ukishaweka mche shindilia kwa kisigino kusibaki pengo la hewa.

Mzizi umetoka, lakini umekaukia kwenye mchanga mkavu sentimita chache chini. Ulipanda mapema au ukachelewa. Mvua ya kwanza ya Aprili hulowesha juu tu. Kabla ya kupanda chimba kina cha kuanzia kiwiko hadi kiganja. Kama udongo wa chini kabisa unashikana ukiukamata, panda. Kama unamwagika kati ya vidole, ngoja. Kwa kawaida Mei ndio mwezi wa huku. Kupanda vuli kunawezekana, ila mvua yake haina ahadi, na nyuma yake kuna kaskazi na ukame wa Januari hadi Machi. Mimi vuli ningepanda tu pale maji ya kumwagilia yapo karibu. Mnakumbuka sikukuu ya kitaifa ya kupanda miti, tarehe 13 Novemba 2023. Nia njema kabisa, lakini kalenda ya serikali na kalenda ya mche wa mbambakofi ni mbili tofauti.

Majani yameungua rangi ya kahawia upande mmoja tu, ule unaotazama bahari. Upepo wa kusi umebeba chumvi. Miti hii si ya ufuoni, isogeze nyuma ya kinga ya mvinje.

Majani yameungua yote siku tatu baada ya kupanda. Mche ulitoka kivulini moja kwa moja. Mwezi wa mwisho kitaluni ondoa kivuli kidogo kidogo na punguza maji, mpaka mche uzoee shida kabla ya kukutana nayo.

Na kama mzizi ni mzuri, mvua ilikuwepo, kila kitu kilifuatwa, tazama ardhi yenyewe. Arabuko-Sokoke ni msitu wa kilomita za mraba 420 hivi, lakini ndani yake ni misitu mitatu, na mpaka wake ni rangi ya udongo. Kwenye mchanga mweupe usio na rutuba ndiko mrihi ulikotawala. Kwenye udongo mwekundu wa magharibi kuna kichaka kizito, na humo ndimo muhuhu ulimokuwa. Mbambakofi ni wa ule msitu mchanganyiko wa mashariki, kwenye mchanga wa kijivu. Mvua nayo inashuka kutoka zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka upande wa mashariki hadi karibu 600 kaskazini magharibi. Mche wa mbegu za Gede uliopelekwa nyuma ya Jilore umehamishwa nchi. Kabla ya kuamua upande nini, waulize wazee wa pale shamba lilikuwa na miti gani kabla halijafyekwa, na tafuta visiki. Kisiki hakidanganyi.

Mche umekatwa, umeliwa, au hauonekani

Usimlaumu mbuzi kabla hujatazama jeraha.

Limekatwa mshazari, safi kana kwamba ni kwa wembe, kiasi cha shubiri moja kutoka ardhini: sungura. Limechanika, gome linaning'inia, majani yote yametafunwa: mbuzi. Limekatwa usawa wa ardhi na mche umelala hapo hapo bila kuliwa: kiwavi wa udongoni, mfukue kwa kidole karibu na shina utampata amejikunja. Mche umetoka mkononi bila mzizi na pembeni kuna kifusi cha udongo laini: fuko. Shina limepakwa udongo na ndani ni tupu: mchwa.

Mchwa wanahitaji maneno mawili. Kwa kawaida wao ni wa pili kufika, mche ukiwa umeshadhoofika. Matandazo ni mazuri sana kwenye mchanga wetu, lakini yakigusa shina umewajengea daraja. Acha duara tupu la kiganja kizima kuzunguka shina.

Kwa mbuzi, uzio wa shamba zima hakuna kikundi kitakachoumudu. Kinga mche mmoja mmoja kwa matawi ya miiba, na kubaliana na wafugaji njia ya kupitia kwenda majini kabla ya kupanga safu. Shamba lililopandwa katikati ya njia ya ng'ombe lilikosewa kwenye ramani, hata ungeweka miiba gani.

Sasa kuna dalili moja isiyofanana na hizo zote. Miche imeng'olewa usiku, safu nzima, imelazwa kando ya mashimo. Hakuna jino lililogusa. Mnyama hafanyi hivyo.

Malindi na Magarini kuna watu wengi wanaolima ardhi wasiyo na hati nayo, na wenye hati wengine hawajulikani hata sura. Katika hali hiyo mti wa miaka mingi unasomwa kama ushahidi: aliyepanda mvule amesema "hapa ni pangu". Jirani anayedai kipande hicho hicho hana ugomvi na mvule, ana ugomvi na dai. Na wakati mwingine mwenye shamba mwenyewe ndiye anayeng'oa, baada ya kuambiwa na mtu kwamba ukipanda mti wa serikali ardhi inachukuliwa. Uvumi huo unatembea kuliko gari.

Hapa mbolea na uzio havina kazi. Kabla ya kupanda, keti na familia jirani mbele ya mzee wa mtaa, andikeni mti ni wa nani, nani atakayevuna na nani atakayeamua. Mama mjane anayelima shamba la mume asikubali miche kwa niaba ya shemeji zake bila wao kuketi. Miche itakuwa sababu ya kumsumbua. Palipo na mgogoro usioisha, usipande kabisa. Peleka miche mahali ambapo hakuna mtu mmoja anayedai: uwanja wa shule, kiwanja cha msikiti, makaburini, pembezoni mwa kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Wazee wa kaya wamelinda misitu yao kwa miiko kabla hatujaanza kuandika sheria za misitu, na tangu 2008 baadhi ya kaya hizo zimo katika urithi wa dunia wa UNESCO. Wakikuambia mahali fulani hapachimbwi, hapachimbwi. Watakuonyesha pengine.

Mti mkubwa umeangushwa

Kisiki nacho kinasomeka. Kikiwa na ukato laini wa msumeno na gogo limeondoka lote, hapo kuna mnunuzi na gari. Kikiwa kimekatwa kwa panga, kwa urefu wa kiuno, na matawi yamebebwa, ni kuni au fito za nyumba jirani. Kukiwa na udongo mweusi ulioungua karibu, ni tanuri la makaa. Kila kimoja kina mlango wake, na kumpeleka mama wa kuni kwenye mkutano wa kuzuia wauza mbao ni kupoteza mchana wake.

Wa gari ni kazi ya KFS na polisi. Wanakikundi wasimkabili usiku. Andika namba, saa na njia aliyopitia, toa taarifa kupitia chama cha msitu.

Kwa wachongaji, jawabu limekuwepo Malindi kwa muda mrefu: mwarobaini. Unachongeka, unakua haraka, na umezagaa hata kuvamia pembezoni mwa misitu kwa sababu ndege wanasambaza mbegu zake. Anayekata mwarobaini ulioingia kwenye kaya akachonga kinyago ametibu mambo mawili. Tatizo analolalamikia fundi ni kupasuka, na hilo hutokana na mbao kuchongwa mbichi au kukaushwa juani. Zikaushwe polepole kivulini. Kwa fito na nguzo za nyumba, mvinje wa shambani unatosha.

Mwenye makaa ndiye mgumu, kwa sababu makaa ni pesa ya wiki hii. Kinachofanya kazi ni pesa nyingine inayotegemea msitu ukiwa umesimama. Mradi wa Kipepeo pale Gede ulianza 1993, na wakulima wanaoishi kando ya Arabuko-Sokoke wamekuwa wakifuga vipepeo na kuuza mabuu waliojifunga. Nyuki ni njia nyingine. Si kila familia itaingia, lakini anayeuza mabuu hutaona anakata mti wanaokula vipepeo wake.

Halafu kirudie kisiki chenyewe. Mvule, mrihi na mpingo huchipua kutoka kwenye kisiki, na mvule na mpingo hata kutoka kwenye mizizi. Machipukizi hayo yana mizizi ya mti mzima chini yake, yenye kuvu na kila kitu. Chagua mawili au matatu yenye nguvu, punguza mengine, yazungushie miiba. Hakuna mche wa kitaluni utakaoyafikia, na hayana gharama. Nashangaa tunavyopita visiki hai kwenda kuchimba mashimo.

Miche ipo, watu hawapo

Tazama mlilipwaje. Mfadhili anayelipa kwa kila mche uliopandwa atapata miche iliyopandwa. Nchi ina lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na lengo la namna hiyo hushuka kijijini likiwa hesabu ya mashimo. Omba malipo yagawanywe: sehemu ya kwanza mche ukiwa ardhini, ya pili kaskazi ya kwanza ikishapita, ya tatu kaskazi ya pili. Mfadhili akikataa, angalau gaweni wenyewe ndani ya kikundi. Na kila mche uwe na jina la mtu, si la kikundi.

Kama umesoma dalili zote na hakuna inayofanana na yako, usinunue miche mingine elfu. Panda mistari minne ya miche kumi kumi mvua ijayo, shamba lile lile: mmoja kama ulivyozoea, wa pili wenye udongo wa mti mama, wa tatu wenye miiba, wa nne wenye udongo na miiba pamoja. Ihesabu mwisho wa Machi, kwaruza gome kabla ya kuandika, kisha ng'oa iliyokufa.